Gari la mwaka 1927 lina karatasi zake zote. Canter yako ya Rumonge je?

Kila mwaka nyumba kubwa za mnada za Ulaya na Marekani huweka sokoni magari machache ya mbio ya Kiitaliano ya zama za kwanza: Alfa Romeo, Lancia, Itala, OM. Ni magari yaliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mengine yana karibu miaka mia. Agosti 2016, huko California, Alfa Romeo 8C 2900B ya mwaka 1939 ilinunuliwa kwa dola milioni 19.8. Msomaji na apige hesabu mwenyewe ni Probox ngapi hizo.

Mfanyabiashara wa Rumonge, Nyanza-Lac au Kigoma ana haki ya kuuliza habari hiyo inamhusu nini. Yeye anatafuta chombo cha kubebea mawese, ndagala, chumvi na saruji. Hana haja ya gari la viti viwili lisilo na paa ambalo tajiri hulitoa mara moja kwa mwaka akalifute vumbi na kulionyesha.

Linamhusu kwa sababu moja. Katika biashara ile, kinachouzwa kwa bei kubwa ni historia iliyoandikwa, na chuma huja nyuma yake. Gari likiwa na namba sahihi ya chasisi, injini yake ya tangu kiwandani na orodha ya wamiliki wote bila pengo, bei hupanda. Karatasi moja ikikosekana, bei huporomoka, hata kama rangi inang'aa. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka mbali na kuyavusha mipaka mitatu tumelizoea jambo hilo kinyumenyume: tunatazama rangi, tunasikiliza injini, tunapiga teke tairi, na karatasi tunaahidiwa kwamba zitakuja baadaye.

Hoja yangu leo ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inahitaji daftari moja la wazi la magari, ambalo mwanunuzi yeyote, hata mama wa mawese wa Rumonge, anaweza kulisoma kabla hajatoa fedha. Na mfano bora wa jambo hilo unatoka kule kule yanakotoka magari haya ya bei ya kutisha.

Gari la mbio lililogeuka lori

Tuchukue gari moja, OM Superba. Kiwanda cha OM kilianzishwa Milano mwaka 1899, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaanza kuunda magari madogo katika mji wa Brescia. Superba ilitoka mwaka 1923. Jina lake jingine ni 665, yaani silinda 6 zenye kipenyo cha milimita 65. Injini yake ilikuwa ya lita mbili tu, si kubwa kwa wakati ule, lakini ilikuwa imara na haikuchoka haraka.

Uimara huo ulionekana Machi 1927. Siku ya tarehe 26 mwezi huo yalianza kwa mara ya kwanza mashindano ya Mille Miglia, maana yake maili elfu moja: kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, karibu kilomita 1,600 kwa barabara za kawaida, nyingi zikiwa za vumbi na kokoto. Ferdinando Minoia na Giuseppe Morandi walishinda kwa OM Superba, wakitumia saa 21 na dakika chache, mwendo wa wastani wa kilomita 77 kwa saa. Nafasi ya pili na ya tatu zilikwenda pia kwa OM.

Wasafirishaji wetu wataona kitu hapo. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura kwa barabara ni karibu umbali ule ule. Karne moja baadaye, lori lenye injini yenye nguvu mara kadhaa kuliko ile, likipita juu ya lami, hutumia siku na siku. Injini haina kosa. Muda unaliwa na mizani, vizuizi, foleni ya mpakani na karatasi ambayo ofisa wa upande huu haitambui.

OM hawakuendelea na magari ya mbio. Mwaka 1933 Fiat ilikichukua kiwanda, na kazi yake ikawa malori. Mwaka 1975 OM ikaingizwa, pamoja na viwanda vingine vya Italia, Ufaransa na Ujerumani, katika kampuni mpya iliyoitwa Iveco. Kwa hiyo dereva wa Iveco anayeshusha saruji anaendesha kitukuu cha gari lililoshinda Mille Miglia ya kwanza. Tofauti ni kwamba babu yuko mnadani akiwa na jalada la karatasi lenye unene wa Msahafu, na kitukuu mara nyingi hata mmiliki wake wa pili hajulikani.

Daftari la siku kumi na moja kabla

Siku 11 kabla ya mashindano yale ya kwanza, tarehe 15 Machi 1927, serikali ya Italia ilitoa amri iliyoanzisha Daftari la Umma la Magari, maarufu kwa herufi PRA. Hadi leo linasimamiwa na Klabu ya Magari ya Italia. Chanzo chake ni cha kibiashara kabisa. Watu walikuwa wameanza kununua magari kwa mkopo. Muuzaji aliogopa kwamba mnunuzi angelipa awamu mbili, kisha akaliuza gari kwa mtu wa tatu na kutoweka. Mtu wa tatu naye aliogopa kununua gari lenye deni asilolijua.

Amri ile ilitatua hofu zote mbili kwa njia moja. Kila gari likapewa ukurasa wake. Humo huandikwa mmiliki wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila deni ambalo gari limewekwa dhamana. Ni kama daftari la ardhi, ila mali yenyewe ina magurudumu. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba daftari ni la wazi. Mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kulipa ada na kuuliza: gari hili ni la nani, na lina deni gani?

Ndiyo maana leo, gari kuukuu la Kiitaliano linapotangazwa kuuzwa, wauzaji wanaweza kutoa orodha ya wamiliki tangu siku lilipoandikishwa. Wataalamu hulinganisha namba iliyogongwa kwenye chasisi na ile iliyo katika kumbukumbu za kiwanda. Hutazama kama injini ni ileile, kama bodi ni ileile au lilikatwa na kuvalishwa jingine. Hilo lilitokea kwa magari mengi: miaka ya dhiki, gari la mbio lililozeeka lilikuwa chuma tu, likakatwa nyuma na kubebeshwa mizigo. Fundi wa Buyenzi anayegeuza gari dogo kuwa la mizigo hajaanza yeye kazi hiyo.

Hata tajiri wa dola milioni 19 hakwepi mpaka. Sheria ya Italia ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2004 inataka chombo cha usafiri chenye umri wa zaidi ya miaka 75 kipate kibali kabla ya kutoka nchini. Anayenunua Superba iliyoko Brescia na kutaka kuipeleka Marekani naye hupanga foleni, akasubiri ofisa atazame karatasi. Ila karatasi anazo, na ofisa ana mahali pa kuzihakiki.

Kwa watu wa ziwa letu, mwaka 1927 una kumbukumbu nyingine. Mei mwaka huo, MV Liemba ilirudi majini Kigoma baada ya kuzamishwa na Wajerumani mwaka 1916 na kuopolewa na Waingereza mwaka 1924. Meli ile tunajua iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli. Mwaka 2015 ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Chombo chenye umri wa zaidi ya karne, na historia yake inasimulika tangu kiwandani. Inawezekana basi. Hata pwani hii tunajua kutunza historia ya chombo tukiamua kwamba kina thamani.

Usukani wa kulia

Kuna jambo jingine linalofanya magari haya ya kale yafanane na yetu. Alfa Romeo na Lancia za miaka ile zilikuwa na usukani upande wa kulia, ingawa Italia huendesha kulia. Lancia waliendelea hivyo hadi miaka ya 1950. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba dereva wa milimani alitaka kukaa upande wa ukingo wa barabara, aone gurudumu lake liko umbali gani na korongo.

Mtu aliyepita Barabara ya Taifa namba 3 kutoka Bujumbura kwenda Rumonge ataelewa mara moja. Burundi nayo huendesha kulia, lakini magari mengi yametoka Japani na usukani wake uko kulia. Ukielekea kusini, dereva hukaa upande wa ziwa, milima ikiwa kushoto, na anaona vizuri mahali maji yalipoila barabara. Lakini akitaka kulipita lori lililo mbele, hana macho. Inambidi aulize abiria aliyekaa kushoto, au atoe pua ya gari hadi katikati ya barabara. Hiace iliyoundwa kwa ajili ya Japani nayo mlango wake wa abiria uko kushoto, kwa hiyo abiria wa Burundi hushukia katikati ya barabara, palipo na magari, badala ya kushukia ukingoni.

Kila nchi ya Jumuiya imelijibu jambo hili peke yake. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2005 kuingiza magari ya usukani wa kulia. Kenya haiandikishi ya usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu. Burundi inaruhusu. Tanzania na Uganda huendesha kushoto. Congo, iliyojiunga mwaka 2022, huendesha kulia. Mfanyabiashara anayenunua lori moja la kuzunguka nchi tatu hajui lipi litamfaa kote.

Italia yenyewe iliwahi kuwa hivyo ndani ya mipaka yake. Kanuni ya mwaka 1912 ilisema wote waendeshe kulia, lakini miji yenye tramu iliruhusiwa kubaki kushoto mradi iweke vibao mlangoni mwa mji. Dereva alitoka shambani akiwa kulia, akafika mjini akahamia kushoto. Roma ilibadilika mwaka 1925, Milano mwaka 1926. Mwaka uliofuata ndipo mashindano ya maili elfu moja yakawezekana kutoka mji hadi mji bila kubadilisha upande. Sitaki kusema Jumuiya yetu ibadilishe upande wa barabara kesho, maana gharama yake ni kubwa mno. Ninachosema ni kwamba kama Italia ilihitaji kanuni moja ili magari yapite miji yake, sisi tunaopita nchi nane tunaihitaji zaidi.

Upande wetu wa ziwa

Tuchukue mfano ambao wasomaji wengi wa ukurasa huu wataujua bila kutajiwa jina. Mama anauza mawese Rumonge. Amechoka kukodi. Anaungana na dada yake na jirani, wanachanga, wanapata habari kwamba Kigoma kuna Canter inauzwa kwa bei nzuri. Anapanda gari hadi Nyanza-Lac, Mabanda, anavuka Mugina, anaingia Manyovu, anafika. Gari lipo, injini inaitika. Muuzaji ana kadi, lakini jina lililoandikwa si lake. Anasema ni la kaka yake aliye Dar es Salaam. "Karatasi zipo, mama, usiwe na wasiwasi, zitakuja na basi la kesho."

Mama huyo yuko katika giza la aina tatu. Hajui kama kaka huyo ameridhia kuuza. Hajui kama gari limewekwa dhamana benki. Hajui kama ushuru ulilipwa, au liliingia kama gari la kupita kwenda nchi nyingine kisha likabaki. Mojawapo likigeuka baya, gari litazuiwa Mugina au, vibaya zaidi, litakamatwa miezi sita baadaye likiwa na mzigo. Mtaji wa watu watatu utakuwa umesimama kwenye uwanja wa polisi ukiota kutu.

Taarifa anazozihitaji zipo, ila zimetawanyika. Tanzania, gari lina kadi kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kenya na Uganda watu husema logbuku. Burundi kuna karte rozi, inayotolewa na Ofisi ya Mapato, OBR. Congo nayo husema karte rozi, lakini si ileile. Madeni yako kwingine kabisa: Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya dhamana za mali inayohamishika, Uganda ikafuata mwaka 2019, na zote zikaweka daftari la dhamana hizo. Kenya pia mtu akilipa ada ndogo anaweza kupata rekodi ya gari kwa mtandao. Kwa hiyo vipande vipo. Hakuna mlango mmoja ambao mtu wa Rumonge anaweza kuubisha akiwa na namba ya chasisi mkononi na kupata jibu la nchi zote.

Tazama ajabu yake. Tangu mwaka 2014 tuna Himaya Moja ya Forodha, na kontena linalotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura hufuatwa kwa mitambo hatua kwa hatua. Bima nayo ilitatuliwa: Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA. Mzigo una mfumo, bima ina mfumo. Gari lenyewe linalobeba mzigo huo, ambalo kwa mfanyabiashara mdogo ndilo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba, halina.

Umri peke yake haupimi

Serikali zetu zimechagua njia nyingine ya kupambana na magari mabovu, nayo ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi lakini huongeza ushuru kwa gari lililopita umri fulani. Nia ni njema: moshi, ajali, nchi zetu zisiwe jaa la vyuma vya wengine. Hayo siyapingi.

Lakini umri ni kipimo kivivu. Gari la miaka 7 lililozama kwenye mafuriko, likarudishwa kilomita nyuma na kupakwa rangi, linapita. Gari la miaka 16 la mzee mmoja aliyelihudumia kila mwaka, na vitabu vyote vipo, linakataliwa. Wenye magari ya kale ya Kiitaliano wangecheka, kwa sababu kwao swali la kwanza ni ushahidi wa namna gari lilivyotunzwa. Umri ungekuwa ndio kipimo pekee, Superba ya mwaka 1927 ingekuwa takataka.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina masharti yake ya kuliita gari la kihistoria: liwe na miaka isiyopungua 30, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisitumike kama usafiri wa kila siku. Sharti la mwisho linatuondoa sote. Probox za kwanza zilitoka mwaka 2002; mwaka 2032 zitatimiza miaka 30, na nina hakika nyingine zitakuwa bado zinapanda kutoka Rumonge na magunia juu na abiria saba ndani. Hazitaitwa za kihistoria kwa sababu zinafanya kazi. Basi kama hatutapewa heshima ya makumbusho, tupewe angalau heshima ya karatasi.

Watakaopinga

Najua majibu. La kwanza: daftari la pamoja litakuwa mtego wa kodi. Wafanyabiashara wengi wana sababu ya kuogopa. Wameona mifumo mingi iliyoanza kwa jina la kuwasaidia ikaishia kuwadai. Lakini anayeficha gari lisilolipiwa ushuru ndiye anayefaidika na giza. Mnunuzi wa kweli ndiye anayelipa mara mbili, kwanza kwa muuzaji, kisha kwa forodha. Katika biashara ya giza, mwaminifu ndiye anayebeba hasara.

La pili: taarifa za watu zitakuwa hadharani, na kwenye mipaka yetu mwenye gari anaweza kutafutwa na wabaya. Hili ni zito, hasa katika eneo lililoona vita na ukimbizi. Jibu ni kwamba daftari halihitaji kumwambia kila mtu jina na makazi ya mmiliki. Inatosha lijibu kwa ndiyo au hapana: je, anayeuza ndiye mwenye gari? Lina deni? Ushuru umelipwa nchi ipi? Limetangazwa kuibwa?

La tatu ni la watu wa Burundi: mafuta hayapatikani, gari limelala, wewe unazungumzia daftari. Ni kweli foleni za mafuta zimewachosha watu, na hakuna karatasi inayojaza tangi. Lakini wakati wa dhiki ndipo magari mengi huuzwa kwa haraka, kwa bei ya kutupa, na ndipo matapeli hupata wateja. Anayenunua gari la aliyeshindwa kuliendesha ana haki ya kujua analonunua.

Nini kifanyike

Kwanza, Baraza la Mawaziri la Jumuiya liagize TRA, OBR na wenzao wa nchi nyingine waunganishe rekodi zao kwa namba ya chasisi. Wasianze kujenga mtambo mpya wa fedha nyingi. Waanze na mlango mmoja wa maswali. Mtu atume namba kwa simu ya kawaida, apate jibu kwa Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa.

Pili, gari likiuzwa kuvuka mpaka, historia yake ivuke nalo. Leo Canter ya Kigoma ikipata karte rozi Burundi, inazaliwa upya, kana kwamba haikuwahi kuishi. Ukurasa mpya uandikwe chini ya ule wa zamani, usiuchane.

Tatu, madeni ya benki yanayoshikilia magari yaonekane upande wa pili wa mpaka. Hili litawafaa wafanyabiashara kuliko wanavyodhani. Benki isiyoweza kuona dhamana yake ikishavuka Mugina haitakopesha mtu wa Rumonge kununua lori. Ikiweza kuiona, itakopesha. Ndivyo ilivyokuwa Italia mwaka 1927: daftari liliwekwa ili watu waweze kununua kwa mkopo.

Nne, vyama vya wafanyabiashara visisubiri mawaziri. Vya Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma, Uvira na Baraka vinaweza kuanza kesho na daftari lao la mauziano, lenye namba ya chasisi, namba ya injini, majina na mashahidi wa pande zote mbili.

Na wewe unayekusudia kununua mwezi huu, fanya anavyofanya mnunuzi wa Superba. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma, usisome ile ya kwenye kadi tu. Zilinganishe herufi kwa herufi, kisha fanya hivyo kwa namba ya injini. Tazama kama chuma kinachozunguka namba kimesuguliwa au kuchomelewa. Dai hati ya Japani ya kusafirisha gari nje. Jina la kwenye kadi liwe la anayepokea fedha, au awe na idhini iliyoandikwa na kushuhudiwa na wakili. Nenda naye ofisi ya mapato ya upande wake kabla ya malipo, usiende peke yako baada ya malipo. Sehemu ya fedha ibaki mpaka gari liwe limevuka na kuandikishwa kwa jina lako. Akikataa yote hayo, kubali kwamba bei nzuri ile haikuwa nzuri, na urudi nyumbani na mtaji wako.

Magari ya kale ya Kiitaliano yataendelea kuuzwa na kununuliwa na watu ambao hatutawaona. Hatuwaonei wivu kwa chuma chao. Kitu walicho nacho kinachotustahili sisi pia ni uhakika wa kujua wanachonunua kabla ya kutoa fedha. Italia iliwapa raia wake uhakika huo mwaka 1927, wakati barabara zake bado zilikuwa za vumbi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye lami, simu na mitambo, haina sababu ya kumwambia mama wa mawese asubiri basi la kesho.